Somo: Namna ya Kufuatilia Mchango wa Mwanasayansi Mwanamke Aliyesahauliwa

Hatua ya kwanza ni kusoma chapisho la awali la ugunduzi wenyewe kabla ya kusoma historia iliyoandikwa baada ya tuzo. Waraka wa mwaka 1912 wa kituo cha kuangalia nyota cha Harvard, unaoeleza jinsi mng'ao wa nyota fulani unavyohusiana na muda wa kubadilika kwake, una sahihi ya mkurugenzi, Edward Pickering. Hata hivyo, sentensi yake ya kwanza inakiri kwamba taarifa hiyo ya nyota 25 imeandaliwa na Bi. Henrietta Leavitt. Uhusiano huo ndio uliomwezesha Edwin Hubble kupima umbali wa Andromeda, galaksi iliyo nje ya yetu, kwa hiyo anayeishia kwenye sahihi anapoteza jambo kubwa sana.

Hatua ya pili ni kupekua shukrani na tanbihi. Katika ripoti ya mwaka 1955 ya Los Alamos, maabara ya utafiti ya Marekani, iliyoandikwa kwa majina ya Fermi, Pasta na Ulam, Mary Tsingou anashukuriwa kwenye tanbihi kwa kuandaa programu na kuendesha hesabu kwenye kompyuta ya MANIAC, kazi ambayo kwa maoni yangu ilistahili jina lake juu ya ripoti. Chunguza pia tahajia. Marthe Gautier ndiye aliyeotesha seli katika maabara ya Paris ambazo zilionyesha kromosomu 47 badala ya 46 za kawaida, yaani chanzo cha hali ya Down, lakini makala ya mwaka 1959 ilitanguliza jina la Jérôme Lejeune, na jina la Gautier likachapishwa "Gauthier", kwa herufi h isiyo yake.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo nzito kuliko zote, ni kupanga tarehe na barua kwa mfuatano. Mwanafizikia Lise Meitner aliikimbia Ujerumani Julai 1938. Desemba mwaka huo mkemia Otto Hahn, aliyekuwa mshirika wake wa utafiti, alimwandikia akimwomba maelezo ya matokeo ya majaribio ya urani ambayo yeye mwenyewe hakuyaelewa. Januari 1939 Hahn na msaidizi wake Strassmann wakachapisha bila jina la Meitner, na Februari Meitner na Otto Frisch wakaeleza kwamba kiini cha atomu ya urani kimepasuka na kutoa nishati ya elektroni-volti milioni 200 hivi. Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1944 alipewa Hahn peke yake.

Mwisho, tazama kumbukumbu za mapendekezo ya Nobel, ambazo hufunguliwa baada ya miaka 50. Humo Meitner amependekezwa zaidi ya mara 40.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, je, ni sahihi kusema Rosalind Franklin alinyimwa Nobel?*

Tuzo ya muundo wa DNA ilitolewa mwaka 1962, naye alifariki Aprili 1958, na marehemu hapendekezwi. Dhuluma aliyotendewa ni ya mwaka 1953, pale mwenzake wa maabara, Maurice Wilkins, alipomwonyesha James Watson picha namba 51, picha ya eksirei ya DNA kutoka kazi ya Franklin, bila Franklin kujua. Tuiseme hiyo, kwa sababu ina ushahidi.

*Na pale mume na mke walipofanya kazi pamoja, nitatenganishaje?*

Tafuta kwa majina yake yote mawili, la kuzaliwa na la ndoa, kisha uangalie aliyoyachapisha peke yake. Esther Lederberg, aliyezaliwa Zimmer, ndiye aliyegundua lambda, kirusi kinachoshambulia bakteria, na kukitangaza mwaka 1951, miaka saba kabla ya mumewe, Joshua, kupata Nobel.