Jinsi ya kushitaki kelele za usiku Lubumbashi: kutoka mlango wa jirani mpaka meza ya burgumestre

Mwaka uliopita nilimsaidia mama mmoja wa avenyu yetu, huku Katuba, kuandika barua juu ya nganda, ni kusema baa, iliyofunguliwa nyuma ya ukuta wake. Mtoto wake alikuwa anajitayarisha kwa mtihani wa Serikali, na kwetu umeme unarudi saa tatu ya usiku. Saa ileile mtoto anafungua daftari, na bafle (spika kubwa) za nganda nazo zinafunguliwa. Barua yetu ya kwanza ilipotea ofisini, na hatukuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha kama tuliipeleka. Ya pili ndiyo ilifanya kazi. Ninaandika hapa vile tulifanya ya pili, ili wewe usipoteze miezi tuliyopoteza sisi.

Watu wengi wanafikiri kwamba kushitaki kelele ni uchungu wa jirani tu, kwamba sheria haiko. Iko. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya mazingira mazuri yanayomwezesha kustawi. Kifungu cha 22 kinalinda ibada, lakini kinaongeza kwamba ibada inaheshimu sheria, utulivu wa watu wote na haki za wengine, kwa hiyo chumba cha maombi nacho kiko na mpaka. Tena kifungu cha 27 kinasema kila Mkongomani anaweza kumwandikia mkubwa wa serikali ombi, peke yake ao pamoja na wengine, na mkubwa huyo anapaswa kujibu katika miezi mitatu. Hakuna anayeweza kushitakiwa kwa sababu alitia sahihi ombi kama hilo. Shika vizuri kifungu hicho cha 27. Ndicho kitakachowatoa majirani woga wakati utawapelekea karatasi waandike majina yao.

Anza kwa mlango, mchana

Usiende usiku. Usiku mwenye nganda ana wateja, mwenye matanga ana wageni, na wewe una hasira. Nenda kesho yake saa ine ao saa tano ya asubuhi, na mtu mmoja wa makamo ambaye wote mnamheshimu. Piga hodi, salimia, kaa kama wakikukaribisha. Yule mama alisema hivi: "Jambo baba. Sikuji kugombana, tuko majirani. Mtoto wangu anafanya mtihani mwaka huu, na muziki unaingia mpaka kwenye kitanda. Ninaomba bafle ziingie ndani." Mwenye nganda alipunguza kwa siku tatu, kisha akarudia. Hata hivyo ziara ile haikupotea: tarehe yake iliingia kwenye barua, na burgumestre, mkubwa wa komini, aliposoma aliona kwamba hatukuanza na vita.

Kama ni matanga, mimi ninaomba uvumilie. Mtu amefiwa. Usiku mbili, tatu, zitapita. Ninayoyaandika hapa ni juu ya kelele inayorudi kila juma: nganda, chumba cha maombi chenye mikro, mulin inayosaga mahindi tangu saa kumi ya usiku, jenereta iliyofungwa chini ya dirisha la mwingine, atelye ya kuchomelea vyuma katikati ya parseli za watu.

Andika daftari ya kelele kwa majuma mawili

Hapa ndipo kazi yenyewe iko, na ndipo wengi wanaruka. Ukimwambia mkubwa "wanapiga muziki kila siku", hana cha kufanya nayo. Ukimwonyesha usiku tisa zilizoandikwa, anaanza kuuliza maswali. Chukua daftari ya shule, na kila usiku andika palepale, si kesho yake. Ukurasa mmoja wa mama yule ulikuwa hivi:

"Ijumaa. Muziki ulianza saa tatu na dakika 40 ya usiku, ulizimwa saa nane na robo. Bafle mbili nje, kwenye baraza, zinatazama upande wetu. Kioo cha dirisha kilikuwa kinatetemeka. Nimekishika kwa mkono, kikanyamaza, nikakiachilia, kikaanza tena. Mtoto ameenda kulala kwa shangazi yake. Majirani watatu wamesikia."

Kile kioo kilisaidia kuliko neno "sana" lingeandikwa mara kumi. Andika vitu kama hivyo: kile mkono uligusa, kile mtoto alifanya, saa ngapi.

Simu nayo inaweza kusaidia. Kuna programu za bure za kupima desibeli, na unaweza kurekodi sauti ukiwa ndani ya chumba chako na mlango umefungwa. Kwa kulinganisha, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 1999 kwamba ndani ya chumba cha kulala kelele isiyokatika isipite desibeli 30, na mwaka 2009, katika ushauri wake kwa Ulaya, kwamba nje ya nyumba usiku wastani usipite desibeli 40. Kila desibeli 10 zikiongezeka, sikio linasikia kama sauti imekuwa mara mbili. Lakini usiitegemee simu sana. Mikro yake ni ndogo, haishiki vizuri sauti nene ya besi, na besi ndiyo inayopita ukuta wa matofali. Mara nyingi simu itaonyesha kidogo kuliko kile mwili wako unasikia. Tia namba zake kwenye daftari kama msaada, si kama hukumu.

Pitia kwa shefu wa kartie

Komini yoyote ya Lubumbashi, iwe Katuba, Kenya, Kamalondo, Kampemba, Ruashi, Annexe ao komini ya Lubumbashi yenyewe, imegawanywa katika kartie, na shefu wa kartie ndiye macho ya burgumestre. Usimruke. Barua inayofika komini bila yeye kujua inarudishwa kwake, na mnapoteza majuma. Mpelekee daftari, umwombe aje asikie mwenyewe usiku mmoja. Kama amekubali kuwaita ninyi wote wawili, mkapatana, ombeni mapatano yaandikwe na wote watie sahihi. Mara nyingi mambo yanaishia hapo.

Barua kwa burgumestre

Kifaransa ndiyo lugha ya ofisi, kwa hiyo barua inaandikwa Kifaransa. Kama hukijui vizuri, ifikirie kwanza kwa Kiswahili, kisha umpe mwalimu ao mwanafunzi aigeuze. Kwenye mstari wa habari weka: *Objet : plainte pour tapage nocturne*. Hilo ndilo jina ambalo komini na polisi wanalitumia. Juu, chini ya jina la cheo cha burgumestre, andika kwamba barua inapitia kwa shefu wa kartie. Kabla ya kuandika, uliza pia kwenye sekretariati ya komini kama kuna amri ya meya ao ya burgumestre juu ya kelele inayotumika sasa, uombe namba na tarehe yake. Barua inayotaja amri ya ofisi yenyewe haiwekwi pembeni kirahisi.

Ukurasa mmoja unatosha. Wewe ni nani na unakaa wapi; kelele inatoka wapi; tangu lini na saa ngapi, pamoja na hesabu ya usiku kutoka kwenye daftari; tarehe uliyozungumza na jirani na tarehe uliyomwona shefu; kisha ombi lako. Kwenye ombi, sikia shauri langu: usiombe nganda ifungwe. Mtu ana watoto anaowalisha kwa kazi ile, na burgumestre anajua hivyo. Omba kitu kinachoweza kufanywa kesho. Sisi tuliomba vitu vitatu: bafle ziingie ndani, zitazame upande usio na nyumba, na muziki uzimwe saa ine ya usiku siku za kazi. Kwa mulin, omba saa ya kuanza. Kwa jenereta, omba ihamishwe ao ijengewe kibanda.

Majirani watie sahihi chini: jina, namba ya parseli, namba ya karti ya mchaguzi. Watano wanaosikia kweli wanapita ishirini waliotia sahihi kwa urafiki, maana komini inaweza kuwaita. Ongeza sentensi moja inayotaja kifungu cha 27 cha Katiba na ile miezi mitatu. Fungisha nakala za kurasa za daftari, na kama mtoto ao mzee ameugua kwa kukosa usingizi, karatasi ya munganga wa hospitali.

Usiondoke bila akize

Chapisha barua mara mbili. Moja inabaki sekretariati. Ya pili wanaitia muhuri, tarehe, sahihi na namba ya kuingia kwenye rejista, kisha unarudi nayo nyumbani: hiyo ndiyo akize, ushuhuda kwamba barua ilipokelewa. Sisi mara ya kwanza tuliacha karatasi moja kwa mtu aliyekuwa mlangoni, tukaambiwa "atamwona". Hakuna aliyeiona tena. Kama wanakuambia anayetia muhuri ametoka, kaa umngojee, ao rudi kesho na karatasi zote mbili mkononi.

Baada ya majuma mawili, nenda uulize kwa kutaja namba ile. Wakiwaita, fika mapema na shefu wa kartie, zungumza kwa upole, na uombe makubaliano yaandikwe.

Kama ni usiku, na haiwezekani kungoja

Kuna usiku ambayo barua haisaidii: mgonjwa nyumbani, ao vurugu imeanza. Hapo ni polisi wa karibu. Usijibu ghasia kwa ghasia, wala usikate nyaya za mtu. Kesho yake OPJ, ni kusema ofisa wa polisi wa upelelezi, anaweza kupokea malalamiko yako na kuyaandika katika PV, karatasi rasmi ya maelezo. Soma mpaka mwisho kabla ya kutia sahihi. Kupokewa malalamiko hakulipiwi. Kama kuna faini, anailipa mwenye kosa, na inatolewa risiti ya serikali. Usimtishe jirani kwamba atafungwa miezi: kituo cha polisi hakiwezi kumshika kupita saa 48 bila kumwachilia ao kumpeleka mbele ya sheria.

Komini ikinyamaza miezi mitatu, ao mapatano yakivunjwa, inabaki tribunali ya amani. Unaweza kuomba pia malipo ya hasara, kwa kufuata kifungu cha 258 cha kitabu cha tatu cha sheria za kiraia: anayemletea mwingine hasara kwa kosa lake anapaswa kuirekebisha. Utaombwa kuonyesha kosa, hasara, na kwamba moja imezaa nyingine. Daftari, akize na karatasi ya munganga ndizo zitasema. Hapo tafuta avoka (wakili).

Na wewe ukiwa na harusi ao matanga, na hema itakaa kwenye avenyu, mwandikie burgumestre mapema, umpitie shefu, kisha pita parseli kwa parseli kuwaambia majirani siku na saa ya kuzima.

Kwa yule mama, bafle ziliingia ndani juma la tatu baada ya mwito wa komini. Karatasi yenye muhuri ameifunga ndani ya plastiki, juu ya kabati. Muziki ukirudi nje, hataanza upya: ataandika barua fupi inayotaja namba ileile ya rejista.