Kabla hujaitia fremu Karamu ya Mwisho

Natengeneza fremu za mninga hapa Tabora, na Karamu ya Mwisho ndiyo picha ninayoletewa kuliko zote. Kabla sijakata ubao, naomba mwenyewe tuilaze mezani tuisome.

Anza na vipimo. Leonardo da Vinci aliichora ukutani, kwenye ukumbi wa chakula wa watawa wa Santa Maria delle Grazie, Milano, Italia, kati ya 1495 na 1498. Upana ni sentimita 880, kimo 460. Nakala yako iwe na upana unaokaribia mara 2 ya kimo. Ikielekea kuwa mraba, imekatwa pembeni au imebanwa, iache dukani.

Chukua uzi. Ulaze juu ya mistari ya dari, kushoto kisha kulia, uone inapokutana: kwenye panja la kulia la Yesu. Ukutani kule Milano palikutwa tundu la msumari papo hapo. Fundi mwenzetu alipigilia msumari ili avute mistari yake! Kila nikilikumbuka hilo nafurahi.

Sasa tazama mikono, nyuso baadaye. Yesu ametoka kusema, "Mmoja wenu atanisaliti," na mikono ndiyo inayojibu. Tomaso kainua kidole. Filipo kajishika kifuani. Petro ana kisu, anamwinamia Yohane. Mbele ya Petro yuko Yuda, kajivuta nyuma, uso umeingia kivulini, mkono umefumbata mfuko wa fedha. Wachoraji wengi waliotangulia walimweka peke yake ng'ambo ya meza. Leonardo kamketisha safu moja na wenzake, wanakula pamoja, na hapo mimi huwa siwezi kuendelea upesi. Kumtenga ingekuwa rahisi mno.

Miguu ya Yesu usiitafute. Mlango uliotobolewa kwenye ukuta huo mwaka 1652 uliiondoa. Rangi nayo, kwa kuwa ilipakwa kwenye plasta kavu, ilianza kubanduka mapema. Hata baada ya ukarabati wa mwisho mkubwa, ulioanza 1978 ukaisha 1999, picha yenyewe imefifia, kwa hiyo nakala iliyofifia kidogo ina ukweli kuliko ile inayong'aa.

Watu wengi huitundika juu ya televisheni. Mimi nashauri ukuta wa mezani, maana watawa wale walikula wakiitazama. Pasiwe panapopigwa na jua la jioni. Kwenye ukuta wa tofali mbichi tumia msumari mrefu, uning'inize kwa waya. Kamba hulegea, picha ikaenda upande.