Jinsi ya kupanga chanjo kwa mgonjwa mwenye kinga dhaifu

Mgonjwa anayekaribia kuanza dawa za kushusha kinga ya mwili, iwe ni kwa sababu ya lupasi (ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wenyewe), saratani au kupandikizwa figo, anapaswa kuuliza habari za chanjo kabla hajameza kidonge cha kwanza, kwa kuwa tarehe ya kuanza dawa ndiyo inayoamua mengi yanayofuata. Aende na kadi yake ya chanjo. Kama imepotea, kipimo cha damu kinaweza kuonyesha iwapo ana kingamwili za surua, tetekuwanga au homa ya ini aina ya B.

Chanjo zenye vimelea hai vilivyodhoofishwa, zikiwemo za surua, tetekuwanga, homa ya manjano, BCG ya kifua kikuu na matone ya polio, zinaweza kumletea mtu mwenye kinga dhaifu sana ugonjwa ule ule zilizokusudiwa kuuzuia. Zisizo na vimelea hai, kama sindano za mafua, pepopunda na homa ya ini B, hazina hatari hiyo. Kasoro yake ni kwamba mwili huenda usizipokee vizuri. Ndiyo maana baada ya dozi ya mwisho ya homa ya ini B, mgonjwa hupimwa damu mwezi mmoja hadi miwili baadaye, na kiwango cha kingamwili kikiwa chini ya uniti 10 kwa lita huchanjwa tena.

Ikiwa hali ya ugonjwa inaruhusu kungoja, chanjo hai itolewe angalau wiki 4 kabla ya dawa kuanza, na isiyo hai angalau wiki 2. Anayetarajia kutolewa bandama naye huchanjwa dhidi ya nimonia na homa ya uti wa mgongo wiki 2 au zaidi kabla ya upasuaji.

Ugumu uko kwa ambaye ameshaanza dawa. Mtu mzima aliyetumia prednisoloni, dawa ya steroidi inayoshusha kinga, miligramu 20 au zaidi kila siku kwa siku 14 au zaidi hungoja angalau mwezi mmoja baada ya kuiacha ndipo apewe chanjo hai. Rituksimabu, dawa ya kushusha kinga inayotolewa kwa dripu, husumbua zaidi, kwa sababu huangamiza seli zinazotengeneza kingamwili, hivyo hata chanjo isiyo hai ikitolewa ndani ya miezi 6 baada ya dozi yake huenda isifanye kazi ipasavyo. Dripu hizi za miezi iliyopita ndizo wagonjwa wengi husahau kuzitaja, kwani hazimo kwenye mfuko wa vidonge. Hata hivyo, asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe ili achanjwe. Ugonjwa ukilipuka upya, madhara yake yanaweza kuzidi faida ya chanjo.

Anayeishi na VVU asipewe chanjo ya surua CD4 (seli za kinga) zake zikiwa chini ya 200 kwa mikrolita ya damu. Watu wa nyumbani kwake mgonjwa nao wachanjwe, ila matone ya polio yaepukwe penye mtu mwenye upungufu mkubwa wa kinga.

Mgonjwa akikaa karibu na mwenye surua, aripoti siku hiyo hiyo hata kama alichanjwa, kwa kuwa imunoglobulini (kingamwili zilizo tayari) ya kumkinga hutolewa ndani ya siku 6. Homa ya nyuzi 38 au zaidi haingoji kliniki ya wiki ijayo. Aende hospitali mara moja na orodha ya dawa zake zote.