Jinsi ya Kukitumia Ipasavyo Kituo cha Ajira cha Chuo Kikuu

Wanafunzi wengi huingia katika kituo cha ajira cha chuo chao kwa mara ya kwanza wakiwa muhula wa mwisho, mkononi wana tangazo la kazi linalofungwa kesho na wasifu ulioandikwa usiku wa kuamkia siku hiyo. Mshauri atawapokea, ila kwa wakati huo kilichobaki ni kurekebisha tahajia. Makampuni makubwa ya ukaguzi wa hesabu, benki za uwekezaji na washauri wa biashara mara nyingi hufungua maombi karibu mwaka mzima kabla ya kazi kuanza, na wengi wao huajiri kwanza wale waliofanya mafunzo kwa vitendo kwao. Kwa hiyo mwanafunzi wa mwaka wa pili anayepiga hodi kituoni hajafika mapema mno. Amefika kwa wakati.

Kabla ya kuweka miadi, jiulize umekwama wapi. Frank Parsons, aliyeanzisha ofisi ya ushauri wa kazi mjini Boston mwaka 1908, alisema kwamba uchaguzi wa kazi hutegemea mambo matatu: kujifahamu mwenyewe, kuzifahamu kazi zilivyo, na kuyapima hayo mawili kwa pamoja. Mgawanyo huo bado unafaa. Asiyejua anapenda nini huhitaji mazungumzo marefu, pengine na dodoso la mielekeo, kama yale yanayofuata nadharia ya mwanasaikolojia John Holland inayoigawa mielekeo ya watu katika makundi sita. Matokeo yake yachukuliwe kama mwanzo wa maongezi, wala si hukumu. Anayejua anachopenda lakini hajui kazi yenyewe hufanywaje siku kwa siku, huyo aombe kukutanishwa na wahitimu waliomo katika kazi hiyo. Ukimwambia mshauri "nimekuja kupata msaada wa kazi" na kunyamaza, nusu ya muda wenu itaisha akikutafuta ulipo.

Katika kikao cha wasifu, nenda na rasimu, hata kama ni mbovu, pamoja na tangazo halisi la nafasi unayoiomba. Chukua mfano wa sentensi hii: "Nilishughulikia masuala ya fedha ya chama cha wanafunzi." Mshauri makini atauliza ni fedha za watu wangapi, kwa muda gani, na ulizifanyia nini hasa. Baada ya dakika chache sentensi itakuwa hivi: "Kwa mwaka mmoja nilitunza hesabu za chama chenye wanachama 140 na kuandaa taarifa ya mapato na matumizi kila mwezi." Mambo ni yale yale, lakini sasa mwajiri anaona kazi iliyofanyika. Mwombe pia aukague mpangilio, kwa sababu waajiri wengi wakubwa hupokea maombi kupitia programu zinazochambua maandishi, na baadhi ya programu hizo husoma vibaya majedwali na maandishi yaliyowekwa ndani ya picha. Maneno ya sifa yaliyo kwenye tangazo yatumie yalivyo, mradi sifa hizo unazo kweli.

Huduma ambayo kwa maoni yangu ina faida kubwa kuliko zote, na ambayo wanafunzi huikwepa kwa aibu, ni usaili wa majaribio. Omba urekodiwe ikiwa kituo kina uwezo huo. Washauri wengi hufundisha kujibu kwa hatua nne: mazingira, jukumu, ulichofanya na matokeo. Kosa la kawaida ni kutumia muda mwingi kueleza mazingira, ukafika kwenye ulichofanya pumzi imekwisha. Kosa jingine hujificha katika kiambishi kimoja tu: kwa unyenyekevu msailiwa husema "tuliandaa", "tulitatua", "tulifanikisha", na msaili anaondoka bila kujua mchango wake ulikuwa upi. Sema "tu-" pale kazi ilipokuwa ya kikundi, kisha taja waziwazi ile sehemu uliyoifanya wewe. Ukirudi wiki mbili baadaye kwa jaribio la pili, utajisikia tofauti kabla hata mshauri hajakuambia.

Maonesho ya ajira hayahitaji maelezo mengi. Chagua waajiri wachache badala ya kuzunguka meza zote, soma habari zao mapema, na andaa swali ambalo tovuti yao haijalijibu. Wahitimu nao wanataka uangalifu kidogo: unapomwandikia mhitimu uliyeunganishwa naye, omba dakika 20 za kuzungumza kuhusu kazi yake, wala usimwombe kazi katika barua ya kwanza. Mshukuru baadaye, na mjulishe mshauri mazungumzo yalivyokwenda, maana mshauri anayepata mrejesho atakukumbuka nafasi inayokufaa inapojitokeza.

Kabla ya kuhitimu, uliza kituo kinawahudumia wahitimu kwa muda gani, kwa kuwa vyuo vinatofautiana sana katika hili. Akaunti yako kwenye mfumo wa matangazo ya kazi iandikishe kwa barua pepe binafsi, kwani anwani ya chuo inaweza kufungwa ukiwa bado unasubiri majibu ya maombi.