Namna ya kujua majitu mekundu ya katikati ya galaksi yana chuma kiasi gani, ukiwa zako Pemba

Kwanza toka nje. Wengi hii kazi wanaianzia kwenye kompyuta na ndo mana wanachoka mapema, nambari zinabaki kuwa nambari tu. Mwezi wa saba katikati, kusi inavuma na mbingu imetakata, chagua usiku usio na mwezi uende penye kiza, sie wa Wete huwa tunakwenda Vumawimbi au kule karibu na mnara wa Kigomasha, alafu kwenye saa nne na nusu usiku tazama kusini, lakini juu sana, usitafute kwenye upeo wa bahari. Utaiona Akrabu, yule nge na mkia wake uliopinda, na mashariki ya mkia ipo Kausi, ambayo nyota zake nane zinafanya umbo la buli la chai, mkono upo, kifuniko kipo, mdomo upo. Mbele kidogo ya ule mdomo ndo katikati ya galaksi yetu. Kwetu Pemba pale panapanda nyuzi 66 hivi juu ya upeo, wakati mtu wa London anapaona pamelala chini kabisa kwenye ukungu na taa za mji. Wallahi hii ni neema na hatuitumii.

Ile nyota nyekundu kifuani kwa Akrabu ni Antares, usiichanganye na tunazozitafuta. Antares ni jitu kuu, ni zito sana na liko karibu. Majitu mekundu ya hii kazi ni nyota za uzito kama wa jua letu hivi, zimemaliza haidrojeni ya kwenye kiini, zikatanuka, uso ukapoa hadi kelvin 3,500 mpaka 5,000, na ziko mbali miaka ya nuru kama 26,000, kwa hivo moja moja huioni kwa macho. Ule weupe ulionenepa hapo mbele ya mdomo wa buli ndo mwanga wao wote pamoja. Huo unaitwa uvimbe wa galaksi.

Tunatumia majitu mekundu kwa sababu yanawaka sana, nyota kama jua ukiiweka umbali ule darubini za kawaida zinashindwa kuisoma vizuri. Tatizo ni vumbi. Kuelekea kitovu chenyewe vumbi linakula mwanga wa kawaida mpaka inabaki sehemu moja kati ya trilioni. Mwanaastronomia Walter Baade mwaka 1946 akiwa kwenye darubini za Mount Wilson, Marekani, alitafuta tundu kwenye hilo vumbi akalipata karibu kabisa na nyota ya ncha ya mdomo wa buli, kwenye kishada (kundi la nyota zilizoshikana) cha NGC 6522, na mpaka leo linaitwa dirisha la Baade. Miaka mingi karibu kila alieipima kemia ya uvimbe alipitia hapo, pamoja na wanaastronomia McWilliam na Rich mwaka 1994 ambao walichambua nyota 11 tu, moja moja, na hizo 11 zikabadilisha mazungumzo yote.

Kabla ya kugusa data tengeneza kisanduku, usiku mmoja kinatosha. Boksi la viatu, DVD mbovu, nyembe mbili. Toboa tundu upande mmoja, bandika nyembe mbili uso kwa uso ibaki nafasi nyembamba kama unene wa karatasi, DVD iweke upande wa pili imelala kwa pembe, na juu yake toboa pa kuchungulia. Elekeza ule mwanya kwenye wingu jeupe au ukuta mweupe uliopigwa na jua, JUA LENYEWE USILIELEKEZEE KABISA, litakuharibu macho. Utaona upinde wa rangi, na mwanya ukiwa mwembamba sawasawa utaona mistari myeusi imekata rangi. Hapo kwenye kijani, nanomita 517, kuna mistari ya magnesi. Mimi nlipoiona mara ya kwanza nliita nyumba nzima waje kuchungulia, mana hicho ni kitu kiko kwenye jua na wewe umekaa barazani unakiona. Kila elementi ina mistari yake na haiazimi ya mwenziwe, na kadri elementi ilivo nyingi kwenye gesi ya juu ya nyota ndivo mstari unavozidi kula mwanga. Kazi yote ya kemia ya nyota ni hiyo, ila lazima ujue joto la nyota na uvutano wa usoni kwake kwanza, kwa sababu mstari huo huo unanenepa au kukonda kwa joto tu bila elementi kuzidi.

Sasa vipimo, hapa usikimbie. Utakutana na [Fe/H]. Ni chuma ukilinganisha na haidrojeni, jua likiwa ndo sifuri, kwa logi. Sifuri maana yake chuma sawa na jua, +0.3 ni mara mbili ya jua, −0.3 ni nusu, −1 ni sehemu ya kumi. Na jua lenyewe lina atomu moja ya chuma kwa kila atomu za haidrojeni kama 31,600, kwa hivo tunazungumzia uchache wa ajabu. Alafu kuna [Mg/Fe], magnesi kwa chuma, mizani ni hiyo hiyo.

Data zipo bure. Mradi wa APOGEE ulipima nyota kwa infraredi, mwanga ambao jicho halioni, mikromita 1.51 mpaka 1.70, ambako vumbi linapitika, kwa darubini mbili za mita 2.5, moja New Mexico Marekani na nyengine Las Campanas kule Chile, nyuzi za kioo 300 za kupitishia mwanga kwa mpigo, na toleo la DR17 la Disemba 2021 lina nyota zaidi ya 650,000. Usidownlodi faili zima kama unatumia bando la simu, ni kubwa. Ingia SkyServer, tovuti ya SDSS (mradi mama wa APOGEE), uulize kwa SQL, lugha ya kuulizia jedwali, ikupe CSV ya safu unazotaka tu. Unaunganisha jedwali mbili, apogeeStar na aspcapStar, kwa apstar_id, unachukua apogee_id (jina la nyota), glon na glat (longitudo na latitudo ya galaksi, kwa nyuzi, glat ikiwa sifuri kwenye bapa ya galaksi), snr (usafi wa kipimo), teff (joto), logg (uvutano wa usoni, kwa logi), fe_h na mg_fe. Masharti yangu mie: glat kati ya −10 na 10, snr zaidi ya 80, logg kati ya 0 na 3 kwa sababu majitu uvutano wao ni mdogo (jua lina 4.44), na uondoe nyota zenye alama ya STAR_BAD (kipimo kibovu) kwenye safu ya aspcapflag.

Kuhusu glon, soma hapa vizuri. Longitudo ya galaksi inahesabiwa 0 mpaka 360 na kitovu kiko kwenye sifuri yenyewe, kwa hivo uvimbe uko pande mbili, chini ya 10 NA zaidi ya 350. Mimi nliandika chini ya 10 peke yake, nikafanya kazi wiki nzima na nusu ya uvimbe, grafu ikaja nzuri tu, hakuna kilichoniambia kwamba nimekosea mpaka nlipochora ramani ya nyota zangu nikaona zimeishia ghafla kama zimekatwa kwa kisu. Tangu siku hiyo ramani naichora kwanza, ndo kemia. Jengine, pahala palipokosa kipimo wanaweka −9999, usipoitoa wastani wako wa chuma unaweza kuja −200, kitu ambacho hakipo duniani wala mbinguni. Na nyota moja inaweza kutokea mara mbili, angalia apogee_id ubakishe moja.

Alafu umbali. Kuwa upande mmoja na uvimbe sio kuwa ndani ya uvimbe, mana kati yetu na kule zipo nyota chungu nzima za diski, ile sahani ya galaksi ambayo jua letu limo. Usichukue paralaksi ya satelaiti ya Gaia (kule kuyumba kidogo kwa nyota dunia ikizunguka jua, ndo kunakopimia umbali) ukaigeuza tu, kwa umbali ule paralaksi ni kama mili-arkisekunde 0.12 na kosa la kipimo linaweza kuimeza. Tumia orodha zilizokwishakokotoa umbali, astroNN au StarHorse, ubakishe nyota zilizo ndani ya kiloparseki 3 hadi 3.5 kutoka kitovu (kiloparseki moja ni miaka ya nuru 3,260 hivi). Hapa utapoteza nyota nyingi, ziache ziende.

Sasa chora, kwa programu ya TOPCAT, ni bure, au hata LibreOffice. Chini [Fe/H], wima [Mg/Fe]. Nyota zitatanda kutoka −1.5 hivi mpaka +0.5, na ukihesabu wingi wao utaona wamejazana pahala pawili zaidi, kwenye −0.3 au −0.4, na kwenye +0.3. Hao wa +0.3 wana chuma mara mbili ya jua. Wima yake inaanza bapa, +0.3 hivi, inakwenda, alafu inapinda kushuka mpaka karibu na sifuri. Pale inapopindia tunapaita goti, na hili goti ndo lililonifanya nipende hii kazi.

Magnesi inapikwa kwenye nyota nzito, zaidi ya majua manane, na hizo zinaishi miaka milioni kadhaa mpaka makumi ya milioni tu kisha zinaripuka. Chuma kidogo kinatoka humo humo, lakini kingi kinatoka kwenye vibete vyeupe, viini vilivyobaki vya nyota ndogo zilizokufa, ambavyo vinaripuka baadae sana, baada ya mamia ya mamilioni ya miaka au mabilioni. Mpishi anaetia chumvi mwanzo na ukwaju mwisho, ukionja ukakuta chumvi tupu unajua chungu kimeipuliwa mapema. Jitu lenye magnesi nyingi kwa chuma limezaliwa kabla ya vibete kumwaga chuma chao. Na kama pahala palikuwa panazaa nyota kwa kasi, chuma kinakuwa kishapanda juu kabla vibete havijaanza, kwa hivo goti linakaa kulia zaidi. Kwenye uvimbe liko baina ya −0.6 na −0.3 kutegemea nani kapima. Chora na nyota za karibu na jua pembeni, utaona kule kuna mikondo miwili, mmoja wa juu na mmoja wa chini, wakati uvimbe ule mkondo wa chini kwenye −0.5 karibu haupo. Uvimbe ulipikwa kwa moto mkali.

Usijaribu hayo hayo kwa kaboni na naitrojeni. Jitu jekundu tumbo lake linachemka, linachota vitu vilivyopikwa chini na kuvileta juu, kwa hivo kaboni ya usoni inapungua na naitrojeni inazidi, unakuwa husomi alichozaliwa nacho, unasoma alichojifanyia mwenyewe. Magnesi, silikoni na chuma haviguswi. Ila ukikuta jitu naitrojeni yake imepita hata huo mchoto, liweke pembeni usilifute, mwaka 2017 nyota za namna hiyo ziliripotiwa katikati ya galaksi na inadhaniwa ni mabaki ya vishada vilivyovunjika.

Ukimaliza gawa nyota zako kwa glat bila kujali alama, zilizo chini ya 3, baina ya 3 na 6, na juu ya 6, uhesabu kila fungu lina wangapi wa chuma zaidi ya sifuri. Fungu la karibu na bapa ya galaksi litawazidi wenzake kwa wenye chuma kingi, na kadri unavopanda wanapungua. Kama kwako haikutokea hivo rudi kwenye umbali, mara nyingi nyota za diski zimekuingilia.