Kuotesha Mboga kwa Akwaponiki Nyumbani Dodoma Wakati wa Baridi

Anayefuga samaki na kuotesha mboga kwa maji yale yale, yaani kwa akwaponiki, mjini Dodoma hana budi kubadili utaratibu wake kuanzia Juni hadi Agosti, kwani ingawa jua la mchana huwaka vizuri, usiku joto hushuka hadi karibu nyuzi 14, na upepo mkavu hupoza maji haraka. Baridi hiyo haizidhuru mboga: spinachi, chainizi, figiri, sukuma wiki na saladi hustawi, ila mchicha hudumaa, na ni vyema uahirishwe. Wanaotaabika ni perege, pamoja na bakteria wanaoishi kwenye kokoto zilizopandwa mboga na kugeuza amonia, yaani sumu itokanayo na uchafu wa samaki, kuwa nitriti, kisha nitrati ambayo ndiyo chakula cha mimea.

Kwa hiyo nunua kipimajoto cha maji kabla ya kitu kingine chochote, upime alfajiri na tena saa tisa alasiri. Perege hula vizuri maji yakiwa na nyuzi 25 hadi 30. Yakishuka chini ya 20, punguza chakula hadi nusu. Yakikaribia 16, acha kabisa kulisha, kwa sababu chakula kisicholiwa huoza na kuongeza amonia wakati ambapo bakteria wamezorota kwa baridi na hawawezi kuimaliza. Lisha alasiri tu, na baada ya dakika 15 uondoe kwa wavu kilichosalia. Usiwaonee huruma, maana perege mkubwa mwenye afya huvumilia siku kadhaa bila kula. Chakula kikipungua, mbolea ya mboga nayo hupungua, hivyo panda miche michache kuliko ya msimu wa joto.

Kuhifadhi joto hakuhitaji gharama kubwa. Zungushia tanki magunia yaliyojazwa majani makavu, lifunike jua linapozama, na weka kizuizi cha turubai au matete upande unakotoka upepo. Kwa kuwa maji yanayopita kwenye kokoto usiku hurudi yakiwa yamepoa, iache pampu ifanye kazi zaidi mchana, na usiku iwake kwa muda mfupi kila baada ya saa mbili au tatu ili kokoto zisikauke, huku kifaa cha kupuliza hewa kikiendelea kuwahudumia samaki.

Maji yaliyopungua yaongezwe mchana, kidogo kidogo. Ya bomba yakae kwanza kwenye ndoo wazi kwa saa 24 ili klorini itoke. Ya kisima, ambayo huku mara nyingi yana chumvi, yatumike kwa kiasi, maana maji hukauka na chumvi hubaki.

Vidukari wakivamia majani, waoshe kwa maji safi au kata majani yaliyoathirika. Dawa ya kunyunyizia isitumike kamwe, wala urea, kwa kuwa vyote viwili huingia kwenye maji na kuua samaki.