Unaenda Pai, Thailand? Jipange hivi kabla hujafika

Wengi wakisikia Pai wanawaza ule mtaa mmoja wa vibanda vya chakula na muziki usiku, wanakaa siku mbili wanasepa. Sasa kama umepata kazi ya kufundisha huko, au unataka tu kukaa wiki kadhaa bila stresi, elewa kwamba Pai ni wilaya nzima, ina serikali yake, hospitali yake, makabila yake na majira yake, na ukivijua hivyo mapema hata siku ukiumwa au pikipiki ikikufia porini utajua pa kuanzia.

Ipo mkoa wa Mae Hong Son, kaskazini magharibi kabisa mwa Thailand, mkoa wa wilaya 7 unaopakana na Myanmar. Mji wa Pai umekaa bondeni, kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, milima imeuzunguka, na mto Pai unapita hapo ukienda zake magharibi mpaka Myanmar kuungana na mto Salween. Kata ziko 7: Wiang Tai ambayo ndo mjini, halafu Wiang Nuea, Mae Hi, Mae Na Toeng, Thung Yao, Mueang Paeng na Pong Sa. Zishike, maana mtu akikuelekeza atakutajia kata na kijiji, na ukiambiwa Mueang Paeng ujue hapo sio kutembea kwa mguu.

Kabla hujapanda ndege, kadi ya njano. Hili naliweka mbele kwa sababu linatuhusu sisi moja kwa moja: Thailand inataka cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa wanaotoka nchi zilizo kwenye orodha yao, na Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo zimo. Chanjo uchome angalau siku 10 kabla ya safari. Ukifika Bangkok pitia kwanza dawati la afya ndo uende foleni ya uhamiaji, ukiruka utarudishwa nyuma wakati umeshasimama muda mrefu. Viza ulizia ubalozini, usifuate stori za mtandaoni maana sheria zao zinabadilika.

Kutoka Chiang Mai, jiji kubwa la kaskazini, unachukua vani stendi ya Arcade, ni kama masaa matatu. Barabara namba 1095 ina kona 762, wanaziuza mpaka kwenye fulana, na sio utani watu wanatapika kweli, kwa hiyo meza kidonge cha kuzuia kichefuchefu nusu saa kabla, omba siti ya mbele, usile ukashiba. Desemba na Januari kata tiketi mapema, Wathai wenyewe wanajaa huko kufuata baridi, na baridi ipo, usiku unaweza kushuka chini ya nyuzi 10 huko juu milimani kwa hiyo beba sweta la maana.

Ukishafika, jua nani ni nani. Juu kabisa wilayani kuna nai amphoe, huyu ni mkuu wa wilaya, anateuliwa na Wizara ya Mambo ya Ndani. Kila kata ina kamnan, yaani kiongozi wa kata, kila kijiji kina phuyaiban, yaani mwenyekiti wa kijiji, ambaye anachaguliwa na wanakijiji na akishapita anaweza kukaa mpaka afikishe miaka 60. Pembeni yao kuna halmashauri ya kata wanayoiita oboto, hao ndo wanaohangaika na barabara ndogo, maji na taka. Ukihamia kijijini nenda kamsalimie phuyaiban wiki ya kwanza, nenda na mtu anayejua Kithai, ingia bila viatu, salimia kwa kuunganisha viganja na kuinamisha kichwa kidogo. Huyu ndo anayeshika kipaza sauti cha kijiji asubuhi, ndo anayejua njia ipi imekatika, na ukipata shida usiku ndo atakayeamsha watu. Ofisi ya wilaya inafungua saa 2 na nusu asubuhi mpaka saa 10 na nusu jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, mchana wanapumzika, na ukienda kavae vizuri, kaptula na kandambili achia mtoni.

Mwenye nyumba uliyopanga anatakiwa akuripoti uhamiaji ndani ya masaa 24, ni ile fomu ya TM30. Muulize siku hiyohiyo na umuombe nakala, kwa sababu ukienda kuongeza muda wa kukaa (ada ni baht 1,900, baht ndo hela ya Thailand) watakuuliza.

Sasa watu. Mjini na vijiji vya bondeni wengi ni Washan, Wathai wanawaita Tai Yai, ndo wale wenye mahekalu ya paa za ngazi ngazi na sherehe ya Poy Sang Long karibu Machi au Aprili, watoto wa kiume wanavalishwa kama wafalme na kubebwa mabegani kabla ya kuingia utawa. Milimani kuna Wakaren, Walisu na Walahu. Kijiji cha Santichon ni cha Wachina wa Yunnan, wazee wao walikimbia China baada ya 1949, ukitaka mkate wa mvuke na supu nenda huko. Na ndugu zangu Waislamu msiwe na wasiwasi, mji una jamii ya Kiislamu na msikiti upo katikati, chakula halali kipo.

Hapa naomba tukae kidogo. Baadhi ya watu wa milimani, pamoja na Washan waliovuka mpaka, hawana uraia wa nchi yoyote ingawa wengine wamezaliwa hapohapo. Wana kadi tofauti na ya Mthai, kutoka nje ya mkoa mara nyingi ni mpaka wapate kibali ofisi ya wilaya, na ndo maana ukiona askari kwenye kizuizi cha 1095 anapekua vitambulisho ndani ya vani, wewe mgeni na pasipoti yako unapita haraka kuliko bibi aliyekaa siti ya nyuma. Oktoba 2024 baraza la mawaziri liliridhia njia ya mkato ya kuwapa hadhi ya kisheria watu karibu 480,000 nchi nzima, na kazi kubwa ya karatasi inapita kwenye hizo ofisi za wilaya, kwa hiyo ukikuta foleni ndefu ya wazee na mafaili mkononi uwe mpole. Usiwaulize watu habari za kadi zao. Na usimpige mtu picha kisa kavaa nguo za kabila, omba kwanza, akikataa achana nae.

Afya imepangwa vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Kijijini kuna wahudumu wa kujitolea wanaitwa osomo, nchi nzima ni zaidi ya milioni 1, wanapima presha, wanafuatilia wajawazito, wanapita kuangalia maji yaliyotuama kwa ajili ya mbu. Juu yao kuna zahanati ya kata, kwa kidonda, homa na sindano inatosha kabisa. Halafu Hospitali ya Pai hapo mjini, hospitali ya wilaya, na kesi nzito zinapandishwa ambulensi kwenda Chiang Mai, kwa kona zilezile 762. Hilo peke yake likufanye ukate bima. Matibabu ya baht 30 unayosikia, yaliyoenea nchi nzima 2002, ni ya raia, wewe utalipa mwenyewe, sio bei ya kutisha kwa vitu vidogo lakini mfupa ukivunjika ni habari nyingine. Homa kali ya ghafla msimu wa mvua, na macho yanauma kwa nyuma, usijitibu malaria kwa mazoea ya nyumbani, huko kinachosumbua zaidi ni dengi, homa nyingine ya mbu. Nenda upimwe damu, tumia paracetamol tu, usiguse aspirini wala ibuprofeni. Ukiumwa na mbwa nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kinachojaza wodi ya dharura ni skuta. Wageni wanakodi bila kujua kuendesha, utawaona mjini na bandeji magotini. Sisi tuna afadhali moja, kule ni kushoto kama Tanzania, Kenya na Uganda, ila sheria inataka leseni ya pikipiki, ya gari haitoshi, na kampuni ya bima ikikuta huna hailipi hata shilingi. Pasipoti usiiache rehani, toa hela ya dhamana au nakala. Piga picha mikwaruzo yote kabla hujaondoka, jaribu breki zote mbili, kofia ngumu ivaliwe na ifungwe. Kwenye mteremko punguza mwendo kabla ya kona na sio ndani ya kona, mchanga wa pembeni ndo unaoangusha watu. Ukienda upande wa Pang Mapha, wilaya jirani, jaza tangi mjini.

Kuhusu majira. Mvua ni Mei mpaka Oktoba, na Agosti na Septemba ndo mto unatisha, mwaka 2005 ulifurika vibaya na 2024 tena maji yakaingia nyumba za kulala wageni kando ya mto, kwa hiyo miezi hiyo kodi chumba sehemu ya juu, mbali na mto. Februari hadi Aprili ni moshi, mashamba na misitu vinaungua mkoa mzima mpaka mlima wa ng'ambo hauonekani. Mwenye pumu au mtoto mdogo asiende Machi, nasema hivi kwa uzito wote. Apu ya serikali ya Air4Thai inaonyesha ubora wa hewa kila saa, na barakoa iwe N95, ya kitambaa haisaidii. Ila usiwe mwepesi kuwalaumu Wakaren, kilimo chao cha kuchoma na kuzungusha mashamba ni cha siku nyingi, moto una vyanzo vingi na mahindi ya biashara yamo. Kipindi hichohicho bondeni wanavuna vitunguu saumu, vimefungwa mafungu vinaning'inia chini ya nyumba, nunua hapo kwa mkulima.

Hela: ATM ziko mjini, kadi ya nje inakatwa kama baht 220 kila ukitoa, kwa hiyo toa nyingi kwa mara moja, na vijijini tembea na noti ndogo. Namba za kuhifadhi kwenye simu kabla hujatoka Chiang Mai ni 1669 ya ambulensi, 191 polisi, na 1155 polisi wa watalii ambao wanaongea Kiingereza. Mtandao huko milimani unakatika, kwa hiyo pakua ramani kabisa, na uandike jina la kijiji unachokaa kwa maandishi ya Kithai kwenye karatasi.